Datsun 160J ya Safari Rally: usikimbilie msasa

Ndugu, umeuliza kama hiyo gari yako ya zamani, Datsun 160J, ipakwe rangi upya au iachwe ilivyopauka. Kama kweli ilikimbia mbio za magari za Safari Rally, iache. Namba za mlangoni, stika na makovu ya mawe kwenye madigadi ndiyo ushahidi wake. Msasa ukishapita, havirudi tena. Kinachoua gari ni kutu. Gonga sakafu na chini ya milango kwa mpini wa bisibisi, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: isiponata, hapo kuna puti, yaani lile dongo la kuzibia bati lililoharibika. Bati lililotoboka likatwe, lichomelewe jipya, rangi ipakwe kipande hicho tu. Kwingine osha kwa sabuni isiyo kali, ukaushe, upake nta. Klia, ile rangi angavu ya juu ya kung'arisha, usipulize kabisa! Unyevu hunaswa chini yake, kutu ikaendelea kula bati bila wewe kuiona.