Maswali ya Wasomaji: Mafaili ya Familia kwenye Mtandao wa Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani tuna kompyuta tatu, moja ya Windows na mbili za Ubuntu. Nimetumia NFS, njia ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, ili mafaili ya familia yakae kwenye kompyuta yangu, lakini mwanangu, akiwa kwenye yake, anafungua nyaraka zangu binafsi ilhali akaunti zetu ni tofauti. Je, niweke LDAP?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, chanzo cha tatizo lako ni namba, wala si nywila. NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun mwaka 1984, katika mpangilio wake wa kawaida humtambua mtumiaji kwa namba yake, na Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza wa kila kompyuta namba 1000. Ikiwa wewe ni wa kwanza kwenye kompyuta yako na mwanao ni wa kwanza kwenye yake, basi kwa NFS ninyi ni mtu mmoja. Andika amri ya id kwenye kompyuta zote mbili, utaiona namba hiyo.

LDAP ingeondoa mgongano huo, kwa kuwa hutunza majina, namba na nywila kwenye seva moja, na kompyuta zote zikauliza hapo. Hata hivyo sikushauri uianze sasa, kwani siku seva hiyo ikiharibika, huenda nyumba nzima ikashindwa kuingia kwenye kompyuta. Kwa shule yenye watumiaji wengi ningejibu vingine: Samba, programu ya bure ya kushirikiana mafaili, katika toleo la 4 lililotoka Desemba 2012, hufanya kazi ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji wa mtandao) bila malipo ya leseni.

Nyumbani kwako Samba ya kawaida inatosha, maana Windows na Ubuntu zote huielewa, na humdai kila mtu jina na nywila yake. Mfungulie kila mmoja akaunti kwenye kompyuta inayotunza mafaili, kisha umwekee nywila kwa amri ya smbpasswd -a. Nywila ya kuingilia Ubuntu haihamii kwenye Samba kwa yenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama. Katika faili la mipangilio ya Samba, smb.conf, kwenye mstari wa valid users, folda ya familia iandikie majina ya wote, na folda yako jina lako peke yake. Ukiambiwa uwashe SMB (itifaki inayotumiwa na Samba) toleo la 1 kwa ajili ya kifaa cha zamani, kataa kabisa, kwa sababu programu hasidi ya WannaCry ilisambaa kupitia udhaifu wa toleo hilo Mei 2017.

Mwisho, futa mistari ya NFS katika faili la /etc/exports na uizime huduma yake. Ukiiacha, mwanao ataendelea kuzifikia nyaraka zako kwa njia ileile ya awali.