Jibu: Fundi anataka kuvunja paa la asbesto kwa nyundo

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, umenunua nyumba ya zamani Area C hapa Dodoma, na fundi anataka kubomoa mabati ya asbesto (saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini ya asbesto) wikiendi hii apandishe mapya. Msimamishe kwanza.

Angalia hali yake. Kama ni mazima na kingo hazimomonyoki, huna haraka. Hatari iko kwenye vumbi lake yakivunjwa, ukilivuta linadhuru mapafu. Kwa picha uliyoweka siwezi kuapa kuwa ni asbesto, kuna ya saruji isiyo na asbesto yanayofanana nayo, na maabara ndiyo inayomaliza ubishi. Mpaka hapo yahesabu ni asbesto.

Kabla ya kung'oa, nenda ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, uulize nani ana kibali cha kusafirisha taka hatarishi na zinapelekwa wapi. Wengi huliacha hili mwisho, halafu lundo linakaa uani watoto wakilichezea.

Paa la mzee wetu lilishushwa alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujachachamaa. Mabati yalilowanishwa kwa bomba la mgongoni, maji na sabuni kidogo. Bolti zilifunguliwa kwa spana. Zilizoshika kutu zikakatwa kwa mkasi wa nondo. Grenda marufuku, na hakuna kurusha chini. Usiyakanyage, yamezeeka, yanapasuka ghafla, tandika mbao. Kila fungu likafungwa nailoni nzito mara mbili.

Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tafuta iliyoandikwa FFP3, yaani ya kiwango cha juu cha kuchuja vumbi. Usafi ni kwa kitambaa kibichi, ufagio weka kando.

Na jirani akiomba vipande vya banda la kuku, mkatalie.