Guangzhou kutoka Dodoma: nauli isile mtaji

Ndugu, umeuliza utafikaje Guangzhou, China, kutoka hapa Dodoma bila nauli kula mtaji wa duka. Anza na tarehe. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya huko Guangzhou, hufanyika Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, kisha Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Wafanyabiashara wa dunia nzima humiminika huko, nauli na hoteli zinapaa. Kama huyafuati, yakwepe. Mwaka Mpya wa Kichina nao uupishe, viwanda vingi hufungwa na utarudi mikono mitupu.

Ingia Google Flights, fungua kalenda ya bei, uanzie Dar es Salaam. Kusogeza safari siku mbili tatu mara nyingi kunashusha nauli. Linganisha Air Tanzania inayokwenda moja kwa moja na Ethiopian wanaopitia Addis Ababa. Lakini tafadhali sana, soma kipengele cha mizigo kabla ya kulipa! Wewe unafuata bidhaa. Tiketi rahisi yenye begi moja la kilo 23 inaweza kukugharimu zaidi kuliko ya mabegi mawili, ukishaanza kulipia kilo za ziada pale kaunta.

Tiketi mbili tofauti za kuunganisha Nairobi sikushauri kabisa: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na hela imekwenda.

Dar shuka na treni ya SGR, ila siku moja kabla; foleni ya Barabara ya Nyerere kwenda uwanja wa ndege si ya kuichezea. Na viza ishughulikie mapema. Wanaotoa viza wakitaka uthibitisho wa safari, wakala wa tiketi akushikie nafasi kwanza, viza ikishatoka ndipo ulipe tiketi.