Fundi Ajibu: Geuza Kinyago Kwanza

Fundi wetu ni seremala wa Kibuye, Kisumu, na mkusanyaji wa vinyago. Mwezi huu amechagua barua tatu.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Section 58, Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimeanza kukusanya vinyago vya uso. Kuna dalali ameniletea kimoja anachosema ni cha Waguro wa Kodivaa: uso mrefu wa mwanamke, mweusi ti, midomo myekundu, ndege ametua utosini. Anasema ni Zaouli, kina miaka 200, hakijawahi kuguswa na rangi ya dukani, na kwamba mwanamke haruhusiwi kukiona, ndiyo maana ni adimu. Anataka shilingi 45,000, na ananiongezea kipande cha ngozi ya chui "kilichokuja nacho". Nimekutumia picha za mbele na nyuma. Ninunue?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa picha ya nyuma. Wengi hunitumia uso peke yake, kisha wanashangaa nikikaa kimya.

Tuanze na hiyo miaka 200. Zaouli inayochezwa leo pande za Bouaflé na Zuénoula, katikati ya Kodivaa, ilizuka miaka ya 1950. UNESCO iliitia katika orodha yake ya turathi za binadamu mwaka 2017, na huko kwao ni ngoma ambayo babu za watu waliiona ikianza. Ya rangi nayo ndiyo ya kuchekesha. Vinyago vya Zaouli hupakwa rangi kali, nyekundu, njano, buluu, tena hizo hizo za dukani, na vikichakaa hupakwa upya ili vitoke uwanjani vikiwaka. Dalali anayejisifu kwamba Zaouli yake haijui rangi anaitia kasoro mwenyewe. Halafu umuulize, hiyo midomo myekundu imepakwa nini? Damu ya mzee?

Ni kweli Waguro wana vinyago ambavyo wanawake hawavioni, ila Zaouli haimo. Ni ngoma ya kuusifu urembo wa mwanamke, inachezwa hadharani mbele ya akina mama na watoto, ingawa aliye ndani ya kinyago ni mwanamume. Kuna pia ukoo wa vinyago vya zamani zaidi: Zamble, mwenye pembe za paa na mdomo wa mnyama mkali, na Gu, mrembo mwenye paji pana, ambaye huhesabiwa mkewe. Kwa sura tu, kitu chako kimeigiza Gu kuliko Zaouli. Dalali hata jina hakulipata sawa.

Sasa nyuma, ambako mimi huanzia kila mara. Kinyago cha Kiguro cha kuchezea kina safu ya matundu madogo kuzunguka ukingo, ambamo hufungiwa kitambaa na nyuzi za kumfunika mchezaji kichwa na shingo. Macho yake huwa membamba lakini yametoboka hadi ndani, maana kuna mtu anachungulia hapo huku miguu yake ikifukuzana na mapigo ya ngoma. Kikishachezwa sana, ndani yake mti hung'aa kwa jasho pale ulipogusa paji, pua na kidevu. Kwingineko alama za tezo hubaki wazi. Mchongaji gani atamaliza msasa mahali pasipoonwa na mtu?

Chako, kisogo ni laini kama meza ya sebuleni. Weusi ni ule ule kila mahali, hata pembeni ambako uso wa binadamu haufiki. Macho yamechorwa tu, hayakutobolewa. Ukingoni hakuna tundu hata moja ila lile la juu, la msumari wa ukutani. Na chini ya kidevu, upande wa kushoto, pamebanduka kidogo na mti mweupe unaonekana. Kwa jicho langu huo ni mjakaranda uliosuguliwa rangi ya viatu. Tunaufahamu vizuri huku kwetu. Ndio unaochongwa vingi vya hivyo "vinyago vya Kimaasai" vya kando ya barabara, ilhali Wamaasai hawana jadi ya kuchonga nyuso za mti.

Sisemi kimechongwa vibaya. Yule ndege ametulia, na pua imenyooka. Kama pambo mimi ningetoa 3,000, nikizidiwa sana 3,500. Na usije ukadhani nakichukia kwa sababu ni kipya. Nikiletewa Zaouli iliyochongwa Zuénoula mwaka jana, ina matundu yake, imelowa jasho la mchezaji, rangi yake bado inanukia duka, hizo 45,000 nitazitafuta hata kwa kuuza kabati la mteja.

Ngozi ya chui usiiguse. Wachezaji wa Zamble huvaa ngozi ya chui, kwa hiyo dalali amesikia kitu mahali. Lakini kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kukutwa nayo bila kibali ni kosa, na "niliongezewa bure" si utetezi. Huna safari ndefu ya kutoa habari: KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wako hapo Ziwa Nakuru.

SWALI: Kinyago changu kinadondosha unga mweupe kwenye rafu. Jirani ananishauri nikipake dizeli. (Msomaji, Lurambi, Kakamega)

JIBU: Jirani akapake dizeli yake langoni kwake. Itaingia kwenye mti, itaiharibu rangi yake, na harufu haitatoka. Huo unga ni kazi ya wadudu wanaotoboa mbao, na dawa yao ni baridi. Kifunge kinyago ndani ya karatasi mbili za plastiki, utoe hewa, ukiweke kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usikifungue hadi kesho yake, la sivyo kitaloa. Kisha kiweke juu ya karatasi nyeusi: unga mpya ukionekana baada ya mwezi, rudia. Kama rangi yake inabanduka, usikigandishe, niletee kwanza.

SWALI: Mama mkwe alikuja kutoka Seme akakataa kuketi sebuleni kwa ajili ya kinyago changu. Anasema ni nyumba ya pepo. Mume wangu ananicheka. Nifanyeje? (Mama Achieng', Mamboleo, Kisumu)

JIBU: Mama Achieng', usibishane naye, wala mume asicheke sana. Wenyewe Waguro hawaning'inizi Zamble ukutani. Humhifadhi mbali na macho ya watu, humchinjia kuku, humtoa siku yake. Na hapa jirani Vihiga, waulize Watiriki kama vifuniko vya nyuso vya vijana wao wa jandoni ni vya kuwekwa juu ya televisheni. Kwa hiyo mama hajasema upuuzi. Kifunge kwenye leso, kiweke chumbani kwenu, umpikie mama mbuta. Akirudi Seme, kitundike tena.