Mtoto wa Gredi ya Saba ni wa Nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lina vipande viwili: shule nzuri ya watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano iwe na nini, na je, JSS, yaani sekondari ya chini, Gredi ya Saba hadi ya Tisa, ziondolewe kwenye shule za msingi zipelekwe sekondari? Mimi ni fundi cherehani hapa Voi. Nashona sare za shule, nina mtoto Gredi ya Tisa, na nimekaa kwenye bodi ya shule anayosoma. Najua wengi watawaandikia kuhusu maabara na madawati, na hawatakuwa wamekosea. Mimi naanza na mtu. Shule nzuri ya umri huu ni ile ambayo ukimtaja mtoto yeyote wa Gredi ya Saba, Nane au Tisa, yuko mwalimu mmoja atakayesema, "Huyo ni wangu," kisha akueleze anaishi na nani, anapita njia gani kuja shule, na kwa nini juma lililopita hakusema neno darasani.

Umri wenyewe naujua kwa utepe wa kupimia. Januari nampima mvulana suruali na kumwachia upindo wa inchi mbili. Muhula wa pili mamake anarudi nayo, upindo umeshafunguliwa wote na vifundo vya miguu viko nje. Jirani yake wa dawati, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, bado anavaa saizi ya Gredi ya Tano na anaulizwa na kila mtu kama anakula. Wasichana hutangulia kurefuka, kwa kawaida kama miaka miwili mbele ya wavulana, na wao hawaji kulalamikia sketi fupi. Wanakuja kuomba sweta. Voi, Mhariri, mwezi wa Februari, ambapo saa nne asubuhi bati la kibanda changu haligusiki, msichana wa miaka 13 anataka sweta, tena kubwa. Mbele ya mamake atasema asubuhi kuna baridi. Mkibaki wawili unampima kifua, ndipo unaona anavyokunja mabega. Mwalimu wa kike aliyemzoea angeisoma hiyo sweta siku ya kwanza, akamwita pembeni. Asiyemjua atamwambia aivue, sheria ya shule.

Sodo nazo ni hivyo hivyo. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana walio shuleni sodo bila malipo. Kuna mihula zinafika na kuna mihula hazifiki, hilo ni la serikali. Lakini zinapofika, zinakaa kwa nani? Zikiwekwa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu mwanamume, na nje wazazi wamepanga foleni ya kumwona, hakuna msichana atakayebisha hodi. Boksi litakaa humo mpaka lifunge mwaka. Mpe mwalimu mmoja wa kike hilo boksi, aliye na wasichana wake anaowajua, na choo kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Bodi ikishindwa kununua komeo, ivunjwe.

Sasa tulifikaje kuwa na watoto ambao ukiwauliza walimu, kila mmoja anamwelekeza mwenzake? Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi lilifanya KPSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya Sita, mwishoni mwa 2022. Mpaka Desemba wazazi hatukuwa na hakika watoto hao wangesomea wapi mwezi uliofuata. Jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoteuliwa na Rais kuangalia mageuzi ya elimu, ndilo lililopendekeza JSS ziwe ndani ya shule za msingi, na Januari 2023 watoto wakarudi kwenye lango lile lile walilokuwa wametokea. Mimi nililetewa swali moja tu na wazazi: sare gani? Wengine walitaka tai, wengine koti, mmoja alitaka nembo mpya mfukoni, ilimradi mtoto aonekane amepanda. Nilishona, na pesa nilipokea, sikatai. Ila tai haikumwambia mtoto ni nani sasa anayemsimamia.

Kwa maana walimu wenyewe walikuja kwa kubahatisha. Wengi walikuwa wanagenzi wa kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wamefunzwa kufundisha masomo mawili ya sekondari, wamekuta masomo yanayopita kumi na mbili na wao ni wawili au watatu. Mwalimu wa Historia akapewa somo la ufundi. Mwaka 2024 waligoma wiki kadhaa, na sikuwalaumu. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu, na masomo nayo yamepunguzwa hadi tisa. Hayo ni mema. Lililobaki ni ukuta uliosimama katikati ya shule. Walimu wa msingi wana chama chao, KNUT, wa JSS wengi wako chama kingine, KUPPET. Wa JSS hawapendi kuamrishwa na mwalimu mkuu wa msingi, ambaye kwao hana shahada kama wao. Wa msingi wanaona hao wageni wamekuja na madaha. Siku moja nilimfuata mvulana mmoja asiyelipiwa sare, nilitaka tu kujua kama nimsamehe au nimngoje mjombake. Chumba cha walimu cha kwanza waliniambia, "Huyo ni wa JSS." Cha pili wakaniambia niulize wa msingi, maana ndio waliokaa naye tangu chekechea. Wote walisema kweli, na hakuna aliyejua kwamba mjomba mwenyewe ameshahamia Mombasa na mvulana analala kwa jirani.

Wamarekani walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1909 mji wa Columbus, Ohio, ulifungua shule ya aina hiyo, ya kutenganisha watoto wa kati na wadogo na wakubwa. Shule hizo zikaenea, na kadiri miaka ilivyokwenda zikageuka sekondari ndogo: kengele, walimu saba kwa siku, mitihani ya kuchuja. Ilipofika 1963, mwalimu wa vyuo William Alexander akaanza kutetea shule ya kati iliyojengwa kufuata umri wenyewe, na mwaka 1989 jopo la shirika la Carnegie likaandika waziwazi kwamba kila mtoto wa umri huo awe na walau mtu mzima mmoja shuleni anayemjua vizuri. Miaka themanini kufikia sentensi ambayo bibi yeyote wa Kitaita angewapa bure. Sisi tumeanza 2023. Hatuna haja ya kungoja hadi 2103.

Ninachopendekeza hakihitaji wafadhili. Wagawe watoto wa Gredi ya Saba katika makundi ya kumi na watano au ishirini. Kila kundi lipewe mwalimu mmoja, na abaki nao hadi wamalize Gredi ya Tisa, hata kama hawafundishi somo lolote. Na hapa ndipo nitakapowaudhi watu: walimu wa msingi waingie kwenye mgawo huo. Mwalimu wa Gredi ya Pili aliyemfundisha mtoto kusoma anaweza kuwa mlezi bora kuliko kijana wa shahada aliyeripoti Jumatatu. Wakutane kipindi kimoja kwa wiki, dakika arubaini, bila kitabu. Najua jibu la walimu, tumeshalisikia kwenye bodi: kazi ni nyingi. Ni kweli. Basi wapunguziwe zamu ya lango, au ile mikutano ya kujaza fomu. Mtoto wangu aliambiwa achague mkondo wa sekondari ya juu, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na shule kumi na mbili za kwenda. Watoto wa miaka 14! Darasa zima lilichagua kwa kutazamana, na nyumbani sisi wazazi tulichagua kwa majina ya shule tulizozisikia redioni enzi zetu. Nani angemwambia mwanangu kwamba hesabu anaipenda kuliko anavyokiri? Hakuwepo.

La pili ni saa. Kanuni za elimu za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nenda lango la shule yoyote huku kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone. Wakati huo huo mwili wa umri huu usiku huchelewa kusikia usingizi, si ukaidi wala simu peke yake, ndivyo ulivyo. Madaktari wa watoto Marekani walisema mwaka 2014 kwamba shule za rika hili zisianze kabla ya saa mbili na nusu. Kwetu kuna sababu nzito kuliko usingizi. Pande za Sagalla na Kasigau ndovu wa Tsavo hushuka mashambani usiku na kurudi alfajiri, njia ile ile ya watoto. Sagalla wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, na ndovu wanaiogopa kweli. Njia ya shule haijazungushiwa kitu. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kuchelewa dakika kumi angemuuliza kwanza alisubiri nini kichakani. (Na viboko vilipigwa marufuku 2001, naandika hapa kwa wale waliosahau.)

Kazi za mradi nisiziache. Alama za Gredi ya Saba na ya Nane zinahesabiwa asilimia 20 kwenye matokeo ya mwisho ya Gredi ya Tisa, kwa hiyo wazazi wamekuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao unaishia kwangu. Mama mmoja alikuja na kitambaa cha aproni. "Mama fundi, nishonee hii ya mtoto, ni ya mradi. Lakini usiishone vizuri sana." Nikamuuliza aina gani ya ubaya anautaka. Akafikiria, akasema mfuko uende upande kidogo. Nikamwambia aniletee mtoto. Jumamosi msichana akaja amenuna. Asubuhi nzima ilikwisha kwa kutia uzi kwenye bobini na kukanyaga cherehani isirudi nyuma. Mfuko ulienda upande bila kusaidiwa na mtu. Akaufumua, akaurudia, ukaenda upande wa pili. Mara ya tatu ulikaa, na hakutaka kwenda nyumbani, alitaka kujua nafanyaje kola. Umri huu unachoka upesi na maneno, lakini ukiupa kitu cha kweli mkononi, kinachoharibika ukikosea, unakaa. Somo la ufundi liko kwenye mtaala, tena limeandikwa vizuri: vifaa, michoro, zana, hadi biashara. Shuleni linafundishwa kwa picha ya msumeno kwenye kitabu. Kituo cha Voi kina seremala, fundi wa pikipiki, mchomeleaji na mimi, wote ndani ya umbali wa kutembea. Hakuna shule iliyowahi kutuuliza.

Kipande cha pili cha swali lenu: zihamishwe? Hapana. Mtoto wa miaka 12 asipelekwe bwenini na vijana wa miaka 18 kwa sababu huko kuna maabara. Anapolala nyumbani, hata kama nyumbani ni kwa jirani, kuna mtu atakayegundua kwamba jana hakula. Shule ya msingi iko karibu na miguu yake, na walimu walioona meno yake ya utotoni yakitoka bado wako hapo. Ila ziwe na naibu wa mwalimu mkuu wa JSS peke yake, aliyefunzwa sekondari, mwenye sauti juu ya mgao wa shilingi 15,000 ambao serikali hutenga kwa kila mtoto wa JSS kwa mwaka, ili pande zile mbili za ukuta ziwe na mtu wa kuulizwa. Maabara isubiri zamu yake, na kwa sasa iazimwe. Sekondari iliyo karibu nasi iko mwendo wa robo saa. Mwalimu wao wa kemia ni mteja wangu, nilimuuliza nikimrekebishia suruali. Anasema Jumatano alasiri maabara yake haina darasa, na tangu 2023 hakuna aliyekuja kuiomba.