Mtafuteni mnunuzi kabla ya pipa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama pakiti tupu za maziwa na juisi zinafaa kukusanywa mtaani au ni kujisumbua bure. Zinafaa. Tatizo ni kwamba watu huanza kwa kununua mapipa, kubandika mabango na kuita watoto wa shule, halafu pakiti zikishajaa ndipo wanaulizana zipelekwe wapi.

Robo tatu hivi ya uzito wa pakiti ni karatasi ngumu. Inayobaki ni plastiki, na zile za maziwa yanayokaa muda mrefu bila friji zina pia utando wa alumini mwembamba kuliko unywele. Hili halihitaji mtaalamu: chana kipande, kiloweke usiku kucha, kisha kisugue kwa vidole. Karatasi inavurugika na kutoka kama pamba iliyolowa, na mkononi unabaki na ngozi inayong'aa, ambayo ukiivuta inarefuka kwanza ndipo ichanike. Kiwandani ni hayohayo, ila ndani ya pipa kubwa la maji linalokorogwa kwa mtambo. Nyuzi zikishajitenga zinatengenezewa maboksi au karatasi za chooni, na ile ngozi hushindiliwa kwa joto ikawa mabamba ya kuezekea au mbao za samani. Na nyuzi hizo ni ndefu na imara, wenye viwanda wanazitaka.

Lakini pakiti huchelewa kulowa kuliko magazeti. Kiwanda cha karatasi kisicho na mtambo wa kuzimudu kitazichuja na kuzitupa, kwa hiyo msiwaambie majirani wazichanganye tu na makaratasi. Mnunuzi aulizwe kwanza: anazichukua? Anazitaka peke yake? Zifungwe robota? Vifuniko vibaki au vitolewe?

Halafu kuna hesabu ya uzito, ambayo wengi huikwepa. Pakiti tupu ya lita moja ina gramu 30 hivi, maana yake tani moja ni zaidi ya pakiti 30,000. Zisipobanwa, gari linabeba hewa. Fungueni yale masikio manne, mawili juu na mawili chini, kisha zikanyagwe zilale bapa.

Kabla ya hapo zisuuzwe. Maji yaliyokwisha kuosha vyombo yanatosha (kumwaga maji safi kwa ajili ya taka sioni maana yake), kisha zikaushwe. Maziwa yaliyoganda ndani huota ukungu, harufu inasambaa, na mwenye ghala anawafukuza.

Kuhusu kulipa kila kaya kwa pakiti, msiahidi; bei ni ndogo mno. Wanaostahili malipo ni waokota taka wanaopita kila siku wakitafuta chupa na vyuma. Wao wataziacha pakiti zilipo mpaka bei ya kilo iwalipe usumbufu, kwa hiyo wakae kwenye mazungumzo na mnunuzi tangu siku ya kwanza, wasiitwe baadaye kuja kubeba tu.