Jibu: "set" maana yake hasa ni nini?
Ndugu yangu ulouliza kama neno la Kiingereza set ni kuweka ama ni kitu gani, usiitafutie maana moja utaumwa kichwa bure. Kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 ilikipa hicho kitenzi maana 430, siku hizi run (kukimbia) imeipita, ina maana 645 😂 Mi nabeba wageni na dau hapa Shela, wakisema set sail natweka tanga, jua liki-set ndo linakuchwa, saruji iki-set imeshika, na ile seti ya vikombe vya mama kabatini imetoka hukohuko kwa Kiingereza. Mbona sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga mbizi na hakuna anoumia? We angalia neno linaloifuata, set up yaweza kuwa kutayarisha ama kumtegea mtu mtego.